Chuo kikuu kinataka kushirikiana na mamlaka yetu ya maji. Tukubali? Na tuombe nini?

*"Mimi ni fundi sanifu katika mamlaka ya maji ya mji mdogo hapa Tanzania; wateja wetu hawafiki 4,000. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kikiwa pamoja na chuo cha hapa nchini, kimetuandikia kutaka tushirikiane kwa miaka minne katika mradi wa kujenga uwezo. Wanasema watamsomesha mtumishi wetu mmoja shahada ya uzamili, watatuletea vifaa vya maabara, na wanafunzi wao watakuja kufanya utafiti wa upotevu wa maji na tope kinyesi (lile linalonyonywa vyooni), maana baadaye wangependa kutusanifia kituo cha kutibu tope. Meneja ameniambia niandae majibu. Tatizo ni kwamba tulishawahi kupata mradi wa aina hii. Mashine waliyotuachia iko kabatini imefunikwa kitambaa, na mwenzetu aliyesomeshwa ameshahamia taasisi nyingine. Nawaza, si afadhali watupe hizo fedha tununue mabomba? Na tukikubali, tuombe nini ili safari hii utaalamu ubaki kwetu?"*

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, na nafurahi umeuliza kabla ya kusaini. Usichokitaka ni mashine ya pili kabatini na mwenzenu wa pili kuondoka. Jibu langu ni kwamba mkubali, ila msikubali andiko lao kama lilivyokuja. Kabla ya kuwajibu, andikeni wenyewe swali moja au mawili ambayo mamlaka yenu inataka yajibiwe, kisha mradi ujengwe juu ya maswali hayo. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hilo.

Nianze na mabomba, kwa sababu meneja atakuuliza. Fedha za ushirikiano wa vyuo hutolewa kwa ajili ya elimu na utafiti, na mtoaji haruhusu zigeuzwe kuwa mabomba. Mkikataa, zitakwenda mji mwingine. Lakini hata mngepewa hiari, ningesita. Mamlaka isiyojua maji yake yanapotelea wapi ikibadilisha bomba moja kubwa, presha hupanda katika mabomba ya zamani yaliyo mbele yake, na viungo vilivyokuwa vinadondosha huanza kumwaga. Fedha imetumika, bomba ni jipya, na upotevu uko palepale au umeongezeka. Kujua kwanza ndiko kunakoyafanya mabomba yawe na faida.

Sasa tuone kwa nini mradi uliopita haukuacha kitu. Wengi wanadhani utaalamu hubebwa na mgeni na kukabidhiwa mwenyeji, na kwamba makabidhiano yakishindikana basi mgeni alikuwa mbaya au mwenyeji mvivu. Sivyo ilivyo. Chuo kikuu kina mbinu: namna ya kupanga vipimo, kukagua makosa, kusoma takwimu. Hakijui mtandao wenu. Anayejua ni fundi anayekumbuka valvu ipi ilifukiwa barabara ilipopanuliwa. Utaalamu wa kuendesha maji ya mji wenu huzaliwa pale mbinu na ujuzi huo vinapokutana katika kazi moja, kwa mtu mmoja, mara nyingi. Mwanafunzi akipima peke yake na fundi wenu akabaki kubeba ngazi, mwanafunzi ndiye anayeondoka na utaalamu. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Kazi iligawanywa vibaya tangu mwanzo.

Semina nazo zina kasoro hiyohiyo. Siku tano za hoteli humpa mtu maneno ya fani na cheti. Mkono wa kupima huja kwa kurudia kazi ileile kiangazi na masika, ukiwa na mtu wa kukuambia ulipokosea.

Yule aliyehama usimhesabu kuwa hasara tupu. Ushirikiano wa vyuo katika maji ni jambo la miaka mingi: taasisi ya Delft huko Uholanzi ilianza kufundisha wahandisi kutoka nchi zinazoendelea mwaka 1957, Chuo cha Maji cha Dar es Salaam kilianza miaka ya 1970, na mtandao wa WaterNet ulioanza mwaka 2000 umeunganisha vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika katika shahada moja ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali za maji, masomo ya msingi yakifundishwa Harare na Dar es Salaam. Wahitimu wa mipango kama hiyo wamesambaa wizarani, katika bodi za mabonde na katika mamlaka za miji mikubwa. Nchi imefaidika. Mamlaka ndogo ndiyo huachwa mikono mitupu, kwa sababu shahada ni mali ya mtu, na mtu huhama na mali yake. Kwa hiyo jiulizeni: baada ya miaka minne, nini kitabaki ofisini hata kama waliofundishwa wote wamehama?

Kwangu mimi vinabaki vitu vitatu: daftari la vipimo linalojazwa kila siku, utaratibu ulioandikwa kwa Kiswahili wa namna ya kuvichukua, na kifungu katika bajeti kinachovilipia. Ombeni hivyo.

Kazi ya kwanza mnaweza kuifanya kabla wageni hawajafika, na itawaweka katika nafasi nyingine kabisa mezani. Pimeni usahihi wa mita kuu, ile inayohesabu maji yote yanayokwenda mjini. Hesabu yote ya upotevu inaanzia hapo, na mara nyingi inaharibikia hapo.

Chukulia tenki lenu ni la duara na kipenyo chake cha ndani ni mita 8. Eneo la uso wa maji ni kama mita za mraba 50.3. Fungeni valvu ya kuingiza maji, muache ya kutoa, na maji yapite kwenye mita kuu kwenda mjini. Pimeni kina kwa tepu yenye uzito mwishoni, mahali palepale, mwanzoni na baada ya saa mbili, na msome mita nyakati hizohizo. Kina kikishuka kwa sentimita 60, zimetoka uniti 30.2 (uniti moja ni mita moja ya ujazo). Kama mita imesoma 26.4, basi inapunguza kwa takriban asilimia 12.6.

Lakini msiamini jibu la mara moja. Kwanza hakikisheni valvu ya kuingiza inafunga kweli: fungeni zote mbili kwa nusu saa mkiangalia kina. Kikipanda, maji yanaingia. Kikishuka, tenki linavuja au valvu ya kutoa haishiki, na hilo nalo mmeligundua bila gharama. Pimeni kipenyo cha ndani, maana ukuta wa zege wa sentimita 25 kila upande ukihesabiwa ndani utawapa eneo kubwa kuliko lililopo. Rudieni mara tatu, saa ambazo matumizi ni makubwa na saa ambazo ni madogo, kwa kuwa mita ya mekanika hukosea zaidi maji yanapopita polepole. Mkiona kosa ni kubwa, tazameni ilivyofungwa kabla ya kuilaumu. Mita iliyowekwa mara tu baada ya kona au valvu hupata maji yanayozunguka badala ya kunyooka. Kwa kawaida huhitaji bomba lililonyooka lenye urefu wa mara kumi ya kipenyo kabla yake na mara tano baada yake. Kwa bomba la milimita 100 ni mita moja kabla na nusu mita baada. Mchanga na hewa ni sababu nyingine mbili za kawaida.

Kwa nini nimekaa sana hapa? Tazama hesabu hii ya mfano. Mamlaka inaripoti uniti 40,000 zilizozalishwa kwa mwezi na uniti 26,000 zilizotolewa ankara. Upotevu unaonekana ni asilimia 35. Kama mita kuu inapunguza kwa ile asilimia 12.6, uzalishaji wa kweli unakaribia uniti 45,800, na upotevu ni asilimia 43. Mwanafunzi angeweza kuandika tasnifu nzuri sana juu ya asilimia 35 ambayo haipo. Mkikikabidhi chuo daftari lenye jaribio la tenki, lililorudiwa mara tatu na fundi wenu, msimamizi wake atajua mara moja anazungumza na watu wanaoelewa kazi.

Baada ya mita kuu linakuja swali lenye thamani kwa pande zote mbili, nami ningewashauri mliweke la kwanza katika majibu yenu. Vitabu hufundisha kupima uvujaji kwa kuangalia maji yanayoingia eneo fulani kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kinachopita saa hizo huchukuliwa kuwa sehemu kubwa ni uvujaji. Mbinu hiyo ilikua katika miji ambayo maji hayakatiki. Kwenu, kama ilivyo miji yetu mingi, kuna mgao. Usiku ndipo presha inapokuwa nzuri, na simtanki zenye boya hujaa usiku huohuo. Mabomba yaliyokuwa matupu nayo hunywa maji kabla hayajafika kwa mteja. Mita itaonyesha mtiririko mkubwa saa tisa usiku na mtu atatangaza uvujaji mahali ambapo watu wanajaza matenki yao. Kutenganisha hayo mawili katika mtandao wa mgao ni utafiti halisi, unaostahili shahada, na jibu lake linawafaa ninyi kesho yake asubuhi. Chagueni mtaa mmoja wenye njia moja ya kuingiza maji, wenye wateja kama 200 hadi 300. Mwanafunzi apange vipimo, fundi wenu avichukue, msoma mita wa eneo hilo ahusishwe kwa sababu ndiye anayejua nyumba zenye matenki. Na katika hesabu watenganishe maji yanayomwagika ardhini na maji yanayonywewa bila kulipiwa, yaani mita za wateja zilizochoka na maunganisho ya wizi. Uvujaji hutibiwa kwa koleo na viungo, wizi na mita mbovu hutibiwa ofisini. Mamlaka nyingi hutumia mwaka mzima kuchimba barabara kutafuta hasara ambayo iko katika ankara.

Tope kinyesi ni upande ambao chuo kitawasaidia zaidi, na ndiko ambako haraka inaumiza zaidi. Wakisema wanataka kuwasanifia kituo, waulizeni: kwa tope la nani? Tope hutofautiana mno. Lililonyonywa kwenye choo cha shimo cha familia moja ni zito. La shimo la septiki la nyumba ya wageni ni jepesi. Na masika maji ya ardhini hujaa mashimoni, gari likanyonya maji zaidi ya tope. Takwimu za mji mwingine zikichukuliwa kama zilivyo, kituo kitajengwa kidogo au kikubwa kupita kiasi.

Fuata hesabu hii. Magari manne kwa siku, kila moja mita za ujazo 5, siku 300 kwa mwaka: mita za ujazo 6,000. Kama kila mita ya ujazo ina kilo 20 za yabisi kavu, yaani kinachobaki tope likikaushwa, ni kilo 120,000 kwa mwaka. Vitanda vya kukaushia tope katika nchi za joto husanifiwa kwa takriban kilo 100 hadi 200 kwa mita ya mraba kwa mwaka, kipimo kilichojengwa na tafiti zilizofanywa Ghana kuanzia miaka ya 1990 na taasisi ya utafiti wa maji ya huko pamoja na Eawag, taasisi ya aina hiyo ya Uswisi. Tukichukua 150, mnahitaji mita za mraba 800. Ikibainika tope lenu lina kilo 40, mnahitaji 1,600. Kitanda kilichozidiwa hakikauki. Tope hukaa wiki nyingi likinuka, mchanga wa chini huziba, dereva wa gari anakuta hakuna pa kumwaga, na siku hiyohiyo anajua korongo la kwenda.

Kipimo chenyewe si kigumu, ndiyo maana nasisitiza kifanywe na watu wenu. Gari linapomwaga, kinga lita moja mwanzoni, mbili katikati, moja mwishoni, changanya kwenye ndoo moja. Tope zito hutulia chini ya tangi la gari na halitoki sawasawa, kwa hiyo sampuli ya mara moja hudanganya. Koroga, pima mililita 100, kausha kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha pima kilichobaki. Gramu 2 ni sawa na kilo 20 kwa mita ya ujazo. Mnahitaji oveni, mizani inayosoma gramu 0.01, vyombo visivyopasuka kwa joto, glovu, buti, sabuni na maji ya kutosha. Endeleeni mwaka mzima ili mvua na kiangazi vyote viingie. Pamoja na sampuli, andikeni gari limetoka mtaa gani, choo cha aina gani, na mara ya mwisho kilinyonywa lini. Na hesabuni pia tope lisilofika: nyumba ambazo gari haliwezi kuingia na watu hutapisha vyoo mvua ikinyesha. Vyuo vina mchoro mzuri wa kuonyesha safari ya kinyesi chote cha mji, kiasi gani kinafika kwenye tiba na kiasi gani kinaishia mitaroni. Chuo Kikuu cha Leeds na Eawag ni miongoni mwa walioutengeneza. Ombeni mwanafunzi auchore kwa Kiswahili. Diwani akiuona ukurasa mmoja wa mchoro huo ataelewa haraka kuliko kwa ripoti ya kurasa mia.

Sasa vifaa vya maabara. Mashine yenu ilikwenda kabatini kwa mfuatano unaojulikana sana: vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilivyokuja nayo viliisha au vikapitwa na muda, havikuwa na kifungu katika bajeti, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kuitumia, na hakuna wakala wa karibu wa kuisahihisha. Kiungo kimoja kikikatika, mashine imekufa hata kama inawaka. Kabla ya kukubali kifaa chochote, tajieni chuo idadi ya sampuli zenu. Sampuli 20 kwa wiki za vijidudu ni zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kabla hamjahesabu sampuli za kujikagua. Kila moja inahitaji karatasi yake ya chujio, chakula cha vijidudu na sahani. Kiatamizi, yaani kisanduku cha joto cha kuoteshea vijidudu, kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 44 kwa saa 18 hadi 24, na umeme ukikatika usiku bila betri, sampuli zote za siku hiyo hazina maana. Kwa hiyo ombeni mradi ulipie vitendanishi kwa kiwango kinachopungua: mwaka wa kwanza wote, wa pili robo tatu, wa tatu nusu, wa nne robo, nanyi mjaze pengo kwenye bajeti yenu mwaka hadi mwaka. Mkiona mwaka wa pili hamwezi kuweka hata robo, mmejua mapema kwamba vifaa hivyo si saizi yenu, na mnaweza kubadilisha.

Mimi ningeanza chini kabisa. Kipimo cha klorini iliyobaki kwa vidonge vya DPD, vinavyoyapa maji yenye klorini rangi ya waridi, na kipimo cha ukungu wa maji, unaohesabiwa kwa NTU, viwili hivyo, vikitumika kila siku katika vituo kumi vya kuchotea na nyumba za mwisho wa mtandao. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita pale mteja anapochotea. Mkiipata ya kutosha kwenye tenki na sifuri mwisho wa bomba, mmejifunza kitu leo, si baada ya tasnifu. Vipimo vya vijidudu vifanyike kila mwezi kwa kupeleka sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara iliyo karibu, hadi mtakapokuwa na watu wawili na umeme wa uhakika. Watu wawili, tafadhali, kwa kila kifaa na kila kipimo. Na ile mashine ya zamani, andikeni aina yake na tarehe za vitendanishi vyake, muwape chuo waseme kama inafufuka. Huenda kuifufua ni nafuu kuliko kuleta mpya.

Kuhusu atakayesomeshwa: kumpeleka mtu mmoja nje kwa miaka miwili ndiyo njia ghali zaidi na yenye hatari kubwa zaidi kwenu. Chunguzeni kama fedha hiyohiyo inaweza kumsomesha mmoja shahada ya uzamili hapa nchini au jirani, utafiti wake ukiwa juu ya mtandao wenu, na bado ikabaki ya kuwapeleka mafundi wawili kozi fupi Chuo cha Maji. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi wana walimu wa fani hii, na Chuo Kikuu cha Meru nchini Kenya kina masomo ya uzamili mahususi ya usafi wa mazingira. Mtu anayesoma huku akirudi kazini kila likizo hufundisha wenzake bila kujua kwamba anafundisha. Mkataba wa kumbakiza kazini baada ya masomo mwandikieni, lakini msiutegemee sana; mtu aliyebanwa na karatasi bila kazi yenye maana huondoka moyo kabla ya kuondoka mwili. Mpeni kitengo cha kuongoza. Eawag pia ina kozi za mtandaoni kuhusu tope kinyesi na mipango ya usafi. Ni za Kiingereza zaidi na zinakula bando, ila kwa fundi mwenye hamu ni mwanzo mzuri.

Haya yote yaandikwe katika hati ya makubaliano. Takwimu ghafi ziletwe kwenu kila robo mwaka, katika faili mnaloweza kulifungua, wala si baada ya makala kuchapishwa. Watumishi waliochukua vipimo watajwe kama waandishi au washiriki. Kila mwanafunzi, kabla ya kuondoka, aache ripoti ya Kiswahili isiyozidi kurasa kumi na aieleze mbele ya mafundi na wasoma mita. Vifaa viingizwe kwenye rejista ya mali zenu siku vinapofika, si siku mradi unapoisha. Muda wa watumishi wenu uthaminiwe kifedha, maana fundi anayepima saa tisa usiku hawezi kuwa zamu saa moja asubuhi. Msione haya kuyadai. Chuo kinahitaji mtandao halisi, takwimu halisi na mahali pa wanafunzi kupata shahada, na ninyi ndio mnaovitoa. Mnazungumza kama washirika.

Watafiti wa kigeni lazima wawe na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kuchelewa kwake hula miezi ya mwanzo wa mradi, kwa hiyo waulizeni wamefikia wapi. Majina na simu za wateja msiwape. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana ninyi mnaozitunza. Kwa hesabu za upotevu, namba ya mita na mtaa vinatosha.

Niseme pia pale ambapo chuo kikuu si dawa. Kama shida yenu ni ankara zinazochelewa, stoo isiyo na vipuri, au timu ya matengenezo isiyo na zamu, anayewafaa ni mamlaka nyingine ya maji iliyokwisha kupita hapo. NWSC, shirika la taifa la maji na majitaka la Uganda, iliwahi kuzama katika hasara na ikajirekebisha, na kwa miaka mingi sasa wataalamu wake wamekuwa wakifundisha mamlaka za nchi nyingine, Tanzania ikiwemo. UN-Habitat nayo tangu 2009 ina mtandao, GWOPA, unaounganisha mamlaka kwa mamlaka bila faida ya kibiashara. Hata mamlaka ya mkoa wenu inaweza kuwapokea mafundi wawili kwa mwezi mmoja. Chuo kikuu kitafuteni pale ambapo sababu haijulikani: tope lenye tabia isiyoeleweka, chanzo kinachopungua mwaka hadi mwaka, au floridi, kama ilivyo maeneo mengi ya Arusha ambako visima huvuka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita na mkaa wa mifupa wa kuiondoa unahitaji kuchomwa kwa joto sahihi. Joto likizidi, nguvu ya mkaa ya kunasa floridi hupungua.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mradi wala jibu la mtu wa mbali kama mimi. Klorini ikikosekana na watu wakaanza kuharisha, pigeni simu kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na maabara ya Wizara siku hiyohiyo, na mtie klorini kwenye maji. Mkihisi chanzo kimeingiwa na kemikali, itisheni bodi ya maji ya bonde ifike eneo la tukio. Hati ya makubaliano isisainiwe kabla mwanasheria wa halmashauri au wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, hajaisoma, hasa vifungu vya takwimu na mali. Na mtu yeyote, mwanafunzi au fundi, asiingie ndani ya shimo la choo au chemba kuchukua sampuli. Gesi inayokaa humo huua pua kwanza, kiasi kwamba mtu haisikii tena harufu, kisha humwangusha, na anayeruka kumwokoa humfuata. Sampuli zichukuliwe kwenye gari linapomwaga, au kwa chombo chenye mpini mrefu mtu akiwa amesimama nje, akiwa na mwenzake.